Poti 3389 iliyosahauliwa wazi: yaliyomkuta mfanyabiashara wa nafaka hapa Dodoma

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kutoka Makao Makuu.

Ni mwaka wa kumi na moja sasa nikifanya ufundi wa kompyuta na mitandao hapa Dodoma, na wateja wangu wengi ni ofisi ndogo: wauza nafaka, zahanati binafsi, shule, nyumba za wageni, na ofisi za mawakili ambazo zimeongezeka tangu Serikali ihamie huku. Nimeamua kuandika juu ya kosa moja ambalo nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba sasa nikiingia ofisi mpya hulitafuta kabla hata sijamaliza maji niliyokaribishwa. Kompyuta yenye hesabu zote za biashara huwa imeachwa ikipokea wageni kutoka intaneti nzima kupitia poti 3389, na mwenye ofisi hana habari.

Kwa wasio mafundi, poti ninayoisema si tundu la kuchomekea kebo. Ni namba tu, kuanzia 1 hadi 65,535, ambayo kompyuta huitumia kujua mawasiliano yaliyofika ni ya huduma gani. Huduma ya Windows ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, ambayo kwa kifupi huitwa RDP, husikiliza kwenye 3389. VNC na SSH, njia nyingine za kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, husikiliza 5900 na 22. Ndani ya ofisi hilo halina ubaya mkubwa. Ubaya huanza pale fundi anapoingia kwenye ruta na kuiagiza kwamba yeyote atakayegonga anwani ya ofisi kwenye 3389, kutoka popote duniani, apelekwe moja kwa moja kwenye seva. Sisi tunaita kufungua poti. Ni kazi ya dakika tatu. Bosi anaona mauzo yake akiwa Dar es Salaam, anafurahi, na fundi analipwa. Nami nimewahi kuifanya miaka ya nyuma, kwa hiyo sitajitakasa hapa.

Msimu wa mavuno uliopita nilipigiwa simu Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, na mfanyabiashara wa mahindi na alizeti mwenye ofisi hapa mjini na ghala Kibaigwa. Mhasibu wake hushinda Kibaigwa msimu mzima, na fundi aliyenitangulia alimfungulia poti ili awe anaingiza mapokezi ya magunia moja kwa moja kwenye programu ya uhasibu iliyo kwenye seva ya mjini. Nilipofika, kijana wa mapokezi alikuwa ameshaizima na kuiwasha ile seva mara tatu akidhani ni umeme. Faili zote zilikuwapo, lakini kila moja ilikuwa imeongezewa mkia wa herufi zisizosomeka, na katikati ya skrini palikuwa na karatasi ya maandishi ya Kiingereza kibovu ikidai malipo kwa bitcoin. Diski ya nje ya nakala rudufu ilikuwa imechomekwa kwenye seva hiyo hiyo, kama ilivyokuwa imechomekwa tangu siku iliponunuliwa, nayo ilikuwa imefungwa vilevile.

Niliketi nikafungua kumbukumbu za usalama za Windows. Tukio namba 4625 ni jaribio la kuingia lililoshindwa, na 4624 ni lililofaulu. Nilivuta ukurasa baada ya ukurasa wa 4625 tupu, usiku na mchana, na majina yaliyojaribiwa yalikuwa ya kubahatisha: ADMINISTRATOR, ADMIN, USER, TEST, BACKUP, RECEPTION, SCANNER. Hakuna hata moja lililoonyesha kwamba mgongaji alijua anagonga mlango wa nani. Kumbukumbu zenyewe zilirudi nyuma siku chache tu, kwa sababu Windows ikijaza nafasi iliyotengewa hufuta za zamani ili kuandika mpya, na makelele yale yalikuwa yamefuta historia yote ya kabla yake. Kisha usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane na dakika kumi na saba, likatokea jina dogo tu: scan. Namba pembeni yake ilikuwa 4624.

Nikamuuliza mwenye ofisi huyo scan ni nani. Akacheka, akanionyesha mashine ya fotokopi. Aliyekuja kuiunganisha alihitaji akaunti ya kutupia nyaraka zilizoskaniwa kwenye folda ya seva, akatengeneza akaunti yenye jina scan na nywila scan, na ili isimsumbue akaiweka kwenye kundi la wasimamizi wa mfumo. Mhasibu, maskini, alikuwa na nywila nzuri ya herufi kumi na nne ambayo hakuna aliyeigusa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wakisikia habari kama hii husema somo lake ni nywila ngumu. Nywila ngumu ni jambo jema, lakini sivyo ninavyoliona mimi. Ukiweka dirisha la kuingilia mbele ya dunia nzima, usalama wako si nywila yako; ni nywila dhaifu kuliko zote kwenye mashine ile, pamoja na za akaunti usizokumbuka kwamba zipo. Mashine ikijaribu mara 5 tu kwa dakika, kasi ambayo hata hutaihisi, ndani ya siku 30 imeshajaribu mara 216,000. Na akaunti ya Administrator inayokuja na Windows ilikuwa kwa miaka mingi haifungiwi hata ikosewe mara ngapi. Microsoft ilileta uwezo wa kuifungia kwenye masasisho ya Oktoba 2022, na kwenye seva nyingi za zamani ni lazima mtu akauwashe mwenyewe.

Halafu yapo matundu yasiyohitaji nywila kabisa. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, cha udhaifu uliokuja kujulikana kama BlueKeep, uliomwezesha mtu kuendesha programu yake kwenye kompyuta yako kupitia RDP kabla hata hajaulizwa jina. Uliwagusa wenye Windows 7 na Windows Server 2008, na ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, mfumo ambao ilikuwa imeacha kuuhudumia tangu 2014. Agosti ya mwaka huo huo vikafuata viraka vya udhaifu mwingine wa aina hiyo, safari hii ukigusa hadi Windows 10. Seva ya mteja wangu ilikuwa Windows Server 2012 R2, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 10 Oktoba 2023.

Wenzangu mafundi watanielewa nikisema kwamba tatizo la masasisho huku kwetu lina chanzo cha ziada. Windows ya kawaida huruhusu mtu mmoja tu kuikalia kwa wakati mmoja, na leseni za seva ni ghali, kwa hiyo wapo wanaoweka programu ya kuihadaa Windows ili watu watano waingie kwa pamoja. Sasisho likija, ile hadaa huvunjika na simu zinaanza kupigwa. Fundi akichoka kupigiwa simu, huzima masasisho moja kwa moja. Basi mashine inabaki vile ilivyokuwa siku ile, miaka nenda miaka rudi, huku poti iko wazi.

Kwa mteja huyu hatukulipa. Tuliokoa hesabu za hadi siku kumi na mbili nyuma kutoka kwenye flashi ambayo mtunza fedha alikuwa akiondoka nayo kwenye pochi kwa hofu zake binafsi, hakuagizwa na mtu. Zile siku kumi na mbili ziliandikwa upya kwa mkono kutoka kwenye karatasi za mizani, watu wanne, hadi usiku wa Alhamisi.

Mdau wa Kibaigwa

Mkuu, shukrani kwa uzi huu, na pole kwa jirani yetu. Swali langu ni hili: sisi fundi wetu alibadilisha namba, badala ya 3389 akaweka 4489, na kwenye ruta ikafunguliwa hiyo mpya. Alisema kwa kuwa hakuna anayejua namba hiyo, wala hakuna anayejua kwamba Kibaigwa kuna ofisi yenye seva, tuko salama. Je, ni kweli? Biashara yetu ni ndogo sana, sidhani kama mtu wa Ulaya anaweza kuhangaika nayo.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, fundi wako amekupunguzia kelele. Mlango bado uko wazi. Sina budi kueleza kwa nini, maana imani ya kwamba hakuna anayetujua ndiyo niliyoikuta kwenye kila ofisi iliyopigwa.

Anwani zote za intaneti za mfumo wa zamani wa IPv4 ni takriban bilioni 4.3. Namba hiyo inatisha hadi pale unapojua kwamba mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu iitwayo ZMap, iliyoweza kuzipitia zote kwa poti moja ndani ya dakika 45, ikitumia kompyuta moja yenye laini ya kasi. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi iliyopita. Tangu 2009 ipo pia Shodan, tovuti ya kutafutia mashine zilizo wazi intanetini kama vile wewe unavyotafuta habari, na ndani yake mtu huchuja kwa nchi, kwa mji na kwa aina ya huduma. Anayegonga hakuchagua Kibaigwa. Amegonga kila mlango duniani kisha akasubiri aone nani anaitika, na RDP ikigongwa hujitambulisha yenyewe, iwe kwenye 3389, 4489 au namba nyingine yoyote.

Kuhusu udogo wa biashara, juni 2016 kampuni ya Kaspersky ilieleza habari za soko la siri liitwalo xDedic, lililokuwa likiuza njia za kuingia kwenye seva zaidi ya 70,000 za watu duniani kote, bei ikianzia dola 6. Soko hilo lilifungwa Januari 2019, lakini angalia hiyo bei. Kwa dola sita hakuna anayeuliza seva ni ya benki au ya muuza mahindi. Aliyevunja huuza kwa jumla, na mnunuzi ndiye anayekuja baadaye kuangalia ndani kuna nini.

Mhasibu wa Area D

Nawasalimu nyote. Mimi si fundi, ni mtumiaji tu. Ofisini kwetu tunatumia AnyDesk, na nimeambiwa haihitaji kufunguliwa poti yoyote kwenye ruta. Je, tuendelee nayo? Pia naomba kuuliza kwa nini nyumbani, nikiwa na ruta ya laini ya simu, fundi alishindwa kabisa kunifungulia poti ingawa alihangaika nusu siku.

Mwanzisha uzi

Nianze na la pili kwa kuwa ni fupi. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mtu akigonga anwani hiyo kutoka nje, ugongaji wake unaishia kwenye mitambo ya kampuni, haufiki kwako. Fundi wako alikuwa akifungua mlango wa chumba ndani ya jengo ambalo geti lake si lako. Kwa kweli lilikuwa jambo la heri. Walio hatarini zaidi ni ofisi zilizonunua anwani ya kudumu kutoka kwa mtoa huduma, na mara nyingi zilinunua anwani hiyo kwa ajili ya RDP hiyo hiyo au kamera za ulinzi.

Kuhusu AnyDesk, TeamViewer na jamii yake, uliyoambiwa ni sahihi. Kompyuta yako ndiyo inayotoka kwenda kukutana na seva za kampuni, kwa hiyo ruta haiachwi wazi, na hilo peke yake linaondoa ule ugongaji wa usiku kucha niliouona. Hatari yake iko kwingine. Kwanza ni ile nywila ya kudumu inayowekwa ili uingie bila mtu wa upande wa pili kukubali. Hiyo ikivuja, umevuja nayo, kwa hiyo washa uthibitishaji wa hatua mbili na uorodheshe vifaa vinavyoruhusiwa. Pili, unamwamini mtu wa kati: Februari 2024 AnyDesk wenyewe walitangaza kwamba mifumo yao ilikuwa imeingiliwa, wakabatilisha nywila za tovuti yao na kubadilisha vyeti vinavyothibitisha kwamba programu ni yao. Tatu, na kwako wewe mhasibu hili ndilo kubwa, ni simu. Mtu hupiga akijitambulisha kuwa ni wa benki au wa huduma kwa wateja, anakuomba usakinishe programu hiyo, kisha umsomee namba iliyo kwenye skrini. Ukimsomea, umemkalisha kwenye kiti chako.

Mdau wa Miyuji

Mtoa mada, umetisha watu vya kutosha, sasa sema dawa. Halafu uwe mkweli juu ya gharama, kwa sababu kila ninapouliza naambiwa VPN, na VPN ninazoziona zinalipiwa kwa dola kila mwezi.

Mwanzisha uzi

Mkuu, hizo za kulipia kila mwezi unazoziona kwenye matangazo ni za kuficha anwani yako unapotembelea tovuti, na si ninayoisema. VPN ya ofisi ni njia ya siri unayoijenga mwenyewe kati ya kompyuta ya mhasibu na ruta ya ofisi, na programu zake kama WireGuard na OpenVPN ni za bure. Ruta nyingi za MikroTik tulizonazo mjini hapa, zikiwa na RouterOS toleo la 7, tayari zina WireGuard ndani. Gharama ni muda wa fundi, na kwa ofisi ya watu watano ni kazi ya nusu siku.

Nimeipenda WireGuard kwa tabia yake moja: kifurushi cha mawasiliano kisicho na ufunguo sahihi haikijibu neno lolote. Anayegonga haambiwi hapana. Anakutana na ukimya, kama vile pale hapana kitu. Mhasibu wa Kibaigwa sasa hubonyeza kitufe kimoja kwenye kompyuta yake ya mkononi, njia inafunguka, ndipo anaingia kwenye seva kwa RDP ile ile aliyoizoea, ila sasa kupitia anwani ya ndani. Kwenye ruta, ule mwelekeo wa 3389 tumeufuta. Akipoteza kompyuta, tunafuta ufunguo wake mmoja na wengine wanaendelea na kazi.

Ruta yenyewe nayo isisahaulike. Udhaifu wa mwaka 2018 wa Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, kwenye poti 8291, ulimwezesha mtu wa nje kusoma majina na nywila za wasimamizi wa ruta za MikroTik. Kiraka kilitoka Aprili mwaka huo, na bado ninakutana na ruta ambazo hazijakiona. Zima usimamizi kutoka nje, na zima UPnP, ambayo huruhusu vifaa vya ndani kujifungulia poti bila kukuuliza.

Wala msiidhanie VPN kuwa hirizi. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta baada ya wahalifu kuingia kupitia akaunti ya VPN ya zamani, isiyotumika tena, iliyolindwa kwa nywila peke yake bila hatua ya pili. Walilipa takriban dola milioni 4.4. Ukiniuliza mimi, ni scan yule yule, tofauti ni ukubwa wa nyumba.

Na ile diski ya nakala rudufu ichomolewe. Mteja wangu sasa anazo mbili, zinapishana kila Ijumaa, moja inalala nyumbani kwake Ilazo.

Fundi wa Chang'ombe

Mkuu, umenigusa. Nimefanya kazi hii miaka saba na sina daftari la poti nilizofungua. Nikikumbuka haraka haraka ni wateja wasiopungua ishirini, wengine nilishaachana nao. Je, naweza kukagua anwani zao nikiwa kwangu, kimya kimya, ili nisiwatie hofu? Na nikague vipi?

Mwanzisha uzi

Heshima kwako kwa kusema. Usikague kimya kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, na hutaki kuanza kueleza nia yako njema mbele ya mpelelezi. Mpigie mteja, aridhie, ikiwezekana kwa ujumbe wa maandishi. Na kama ni zahanati au shule, mkumbushe kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtwika yeye jukumu la kulinda taarifa za wagonjwa na wanafunzi.

Ukaguzi wenyewe ufanye kutoka nje, ukitumia data za simu yako; ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi unaweza kupata jibu la uongo. Tafuta anwani ya intaneti ya ofisi, kisha kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows, andika Test-NetConnection, anwani, na poti 3389. Rudia kwa 5900, 22, 23, 445 na 8291. Hata hivyo usiridhike na hapo, kwa sababu namba inaweza kuwa imebadilishwa: ingia kwenye ruta usome orodha nzima ya poti zilizoelekezwa ndani, na kila mstari umuulize mteja ni wa nini. Asipojua, uzime, usubiri atakayelalamika. Mwisho pitia akaunti zote za seva, anza na ya fotokopi.

Fundi wa Chang'ombe

Narudi na mrejesho baada ya siku nne. Nimewapata wateja kumi na sita. Kumi na moja walikuwa wameshabadilisha ruta au mtoa huduma, poti hazipo. Wawili poti zao zilikuwa wazi, nimezifunga na kesho kutwa nawawekea WireGuard. Wawili wengine walikuwa na poti za kamera tu, ambazo nazo nimezifunga, ingawa mmoja amenuna kwa sababu alizoea kuangalia duka akiwa kitandani. Wa kumi na sita ni mwenye duka la pembejeo Mpwapwa. Alinipa ridhaa kwa simu juzi, nikagonga nikaona 3389 inaitika, na tangu jana hapokei. Asubuhi napanda basi la kwanza.